Mgonjwa Asikike kwa Lugha Yake

Hotuba iliyotolewa na mwanachama, muuguzi mstaafu, katika mkutano wa mwaka na harambee ya wana-Mofu waishio Dar es Salaam



Nimepewa dakika ishirini kabla ya harambee kuanza. Najua harambee yetu ya kila mwaka ina mazoea yake. Tunachangia mabati, saruji, vitanda, magodoro. Hayo ni mema na sitayapinga leo. Kamati imeweka mezani jambo la afya, nami naomba niongeze kitu ambacho hakipigwi picha siku ya makabidhiano. Kitu hicho ni lugha: mgonjwa akifika zahanati, au akipewa rufaa kwenda Ifakara, je, anayemhudumia anamwelewa? Naye akirudi nyumbani, ameelewa alichoambiwa?

Mtaniambia, "Dada, sisi Watanzania wote tunasema Kiswahili." Ni kweli, tena ni fahari yetu. Sokoni tunaelewana, shuleni tunaelewana, kwenye mikutano ya kijiji tunaelewana. Lakini mtu anayeumwa si mtu aliye sokoni. Uchungu hurudisha mtu kwenye lugha aliyolelewa nayo. Bibi wa Kindamba anayekusimulia habari za mpunga kwa Kiswahili safi, akipata maumivu usiku atalia Kindamba. Mama wa kifugaji ambaye hakupelekwa shule, anayeshinda bomani na kukiacha Kiswahili kwa mume na watoto wanaokwenda mnadani, akifika mbele ya mganga anakuwa bubu asiye na ububu.

Na bonde letu, ndugu zangu, ni bonde la lugha nyingi. Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wahehe, Wangoni, wote wana makwao humo. Reli ya TAZARA ilipojengwa miaka ya 1970 ilileta watu wa kila upande. Baadaye wakaja Wasukuma na mifugo na majembe yao, wakaja Wamaasai na Wabarabaig. Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto asubuhi moja utasikia "kamwene", utasikia "mwangaluka", kabla hujasikia "habari za asubuhi".

Lugha ya pili ya tatizo hili imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Kiswahili cha nyumbani na Kiswahili cha chumba cha daktari si kimoja. Chukueni neno "homa". Kwa mtaalamu, homa ni joto la mwili kupanda. Kwa watu wetu wengi, homa ni mwili kutokuwa sawa: kuchoka, viungo kuuma, kukosa hamu ya kula. Mtaalamu anauliza, "Mtoto ana homa?" Mama anajibu, "Anayo, tangu juzi." Wote wawili wamesema kweli, lakini hawajazungumzia kitu kimoja.

Chukueni "kifafa cha mimba". Ni hali ya hatari inayompata mjamzito ambaye shinikizo la damu limepanda. Akianza kutupwa na degedege, dakika zina thamani. Lakini jina hilo lina neno kifafa ndani yake, na kifafa kwetu kina historia ndefu. Mahenge, ng'ambo ya mto, daktari aitwaye Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mnamo mwaka 1960 hivi. Alikuta wagonjwa wametengwa, kwa sababu watu waliogopa kwamba povu na mate ya mgonjwa huambukiza, na kwamba ugonjwa una mkono wa mizimu. Sasa ndugu wa mjamzito wakisikia neno kifafa, wengine hufikiria kwanza mizimu na hawafikirii gari. Neno moja laweza kuchelewesha safari.

Lugha ya tatu ni ya maandishi. Wataalamu wetu wamesomeshwa kwa Kiingereza na wanaandikiana kwa Kiingereza. Kinachomfikia mgonjwa ni bahasha ndogo iliyoandikwa "4x2". Dawa ya mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge vinne kwa mpigo, vinne tena baada ya saa nane, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla ni vidonge 24. Nani atayasoma yote hayo kwenye "4x2"? Yuko anayemeza viwili mara nne. Yuko anayeacha siku ya pili kwa sababu kapata nafuu, akamwekea mdogo wake vilivyobaki. Huyu hakukaidi dawa. Hakuelezwa akaelewa.

Ndugu zangu, haya siyatoi hewani. Sisi tunatoka mahali ambapo jambo hili limechunguzwa kuliko sehemu nyingi za Afrika. Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1961 kikaanzishwa kituo cha kufundisha wasaidizi wa tiba vijijini. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko imewahudumia wazazi wetu na watoto wetu. Dunia imejifunza mengi kuhusu malaria kutokana na damu na majibu ya watu wa Kilombero. Basi na sisi tujifunze kwetu wenyewe.

Nawapeni funzo la kwanza. Kati ya mwaka 1996 na 2000 uliendeshwa mradi mkubwa wa vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Waliouendesha walianza kwa kuuliza watu: usiku mnasumbuliwa na nini, chandarua mnakionaje, mngependa kiweje. Chandarua na dawa yake vikauzwa madukani kwa jina la Zuia Mbu. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Matokeo yakachapishwa mwaka 2001: matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliongeza uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Dawa ndiyo iliyoua mbu, sawa. Lakini maneno ya watu wenyewe ndiyo yaliyoingiza chandarua ndani ya nyumba.

Funzo la pili ni la upande mwingine. Miaka hiyo hiyo ya 1990 watafiti wa elimu ya jamii waliketi na watu wa Ifakara wakawasikiliza. Waligundua kwamba elimu ya mbu na malaria ilikuwa imewafikia wengi na wameikubali. Lakini watu walikuwa wameiunganisha na maelezo yao: ipo malaria ya kawaida, na ipo ya kutupiwa, ambayo mchawi huwaficha vijidudu visionekane kwenye hadubini. Kwa hiyo mgonjwa akipimwa na kuambiwa "huna malaria", yeye anasikia "hii ni ile nyingine", anaondoka kwenda kwa mganga wa kienyeji. Yule mpimaji amesema sentensi sahihi kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, "Umeelewaje nilichokwambia?"

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa degedege la watoto. Miaka mingi yapo maeneo ambako ilisemwa kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Wataalamu walikuwa wakihubiri malaria, mama walikuwa wakiogopa degedege, na pande zote mbili hazikujua kwamba mara nyingi zinamzungumzia mtoto yule yule. Palipopatikana watu wa kukaa na akina mama, wakaanza na neno degedege badala ya kulidharau, ndipo safari za hospitali zikawa nyepesi kuanza.

Sasa niseme nililoliona mwenyewe kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Aliletwa mama wa kifugaji, mjamzito, na mumewe. Mama hakujua Kiswahili. Kila swali aliulizwa mume, na kila jibu alitoa mume. "Anaumwa wapi?" "Tumbo." "Tangu lini?" "Jana." "Ameona damu?" Mume akasema hapana, bila kumgeukia mkewe. Hakuwa mtu mbaya. Kwao mwanamume haulizi habari hizo, na mwanamke hazisemi mbele yake. Jioni aliingia mhudumu wa usafi, binti aliyekulia jirani na boma na anayeijua lugha ile. Akamsalimu yule mama kwa heshima, akamkalia kando, wakanong'ona. Kumbe damu ilianza siku tatu nyuma. Aliwahiwa, mama akapona. Mtoto hakupona. Siku hiyo yule binti wa ufagio alikuwa mtu muhimu kuliko sote tuliovaa nguo nyeupe, na hakuna karatasi yoyote ya kazi iliyomtambua.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini yule mama hakuficha. Alikosa wa kumwambia.

Mara nyingi tunajaza pengo hilo kwa mtoto wa shule. Binti wa miaka kumi anasimama katikati ya mama yake na tabibu, anatafsiri habari za uzazi. Atasema atakayoyaweza, na mama atasema yale tu yanayofaa masikioni mwa mtoto. Au tunamwita jirani aliye kwenye foleni. Kesho majibu ya virusi vya UKIMWI yapo kisimani. Baada ya hapo mama yule harudi tena, na wenzake waliosikia hawaendi kabisa. Ukalimani wa afya si kujua lugha mbili tu. Una masharti yake: sema kilichosemwa, usiongeze wala usipunguze, usimjibie mgonjwa, ukishindwa neno, uliza, na ulilolisikia ndani libaki ndani. Mtu hufundishwa haya, tena kwa muda mfupi tu, akishakuwa na moyo wa kazi.

Wenzetu wanafanyaje? Nchini Marekani, kutokana na sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu hairuhusiwi kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kutokana na hilo wagonjwa wasiojua Kiingereza hutafutiwa wakalimani. Ndugu zetu Wakongo waliopelekwa huko kama wakimbizi huzungumza na daktari kupitia mkalimani wa Kiswahili. Fikirini: Kiswahili chetu kinahesabiwa Chicago kuwa lugha ya mtu anayestahili kusikilizwa. Na hapa nyumbani, mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hoja kwamba mwananchi hawezi kupata haki katika lugha asiyoielewa. Hoja hiyo haiishii mlangoni mwa mahakama. Inafika mpaka kitanda cha wodi ya wazazi.

Najua yapo maswali, na mengine nimeyasikia kabla sijasimama hapa.

La kwanza: je, hatutaleta ukabila? Hapana. Ukabila ni kumnyima mtu huduma kwa kabila lake. Mkalimani humleta mtu kwenye huduma ile ile moja, foleni ile ile, dawa ile ile. Na mama anayesikilizwa zahanati kwa lugha yake ndiye atakayerudi mara ya pili, ya tatu, na kila mara ataondoka na maneno machache ya Kiswahili. Tutakuwa tumekipanua Kiswahili.

La pili ni zito zaidi, na nalisema wazi ili tusilinong'one vyooni. Wapo wanaouliza: chama chetu ni cha watu wa Mofu, kwa nini fedha zetu ziwahudumie wafugaji waliokuja juzi, ambao ng'ombe wao wamekula mpunga wa ndugu zetu? Ndugu zangu, mpunga ulioliwa una sheria yake, na mwenye haki alipwe. Lakini surua haiulizi nani alifika lini. Mtoto asiyechanjwa bomani anacheza na mtoto wa Kindamba aliye kwenye shamba la jirani. Kifua kikuu cha mzee wa huku ni kikohozi cha mjukuu wa kule. Kama mama mmoja haelewi tarehe ya kurudi kliniki, sote tumeacha mlango wazi. Na tena, wazee wetu wenyewe wanaosema Kindamba na Kipogoro ni miongoni mwa watakaofaidika wa kwanza. Hili ni letu sote.

La tatu: jengo linaonekana, mkalimani haonekani, mfadhili ataona nini? Ataona daftari. Wajawazito wangapi walifika kliniki mapema kuliko mwaka uliopita. Watoto wangapi walimaliza chanjo. Wagonjwa wangapi wa kifua kikuu walimaliza dozi. Mabati yanaonyesha kwamba tulichanga. Daftari hilo litaonyesha kwamba mchango ulifanya kazi.

Sasa naomba mambo matatu. Naomba robo moja ya makusanyo ya mwaka huu itengwe kwa ajili yake, na robo tatu zibaki kwenye mpango wa kamati kama ulivyo.

Kwanza, wakalimani wa siku za kliniki. Tuwapate wanawake na wanaume wanaoaminika vijijini, kwa lugha zinazosikika zaidi kwenye benchi letu. Wafundishwe masharti niliyoyataja, waapishwe kutunza siri, na walipwe posho kwa siku wanazofanya kazi. Tusiwaombe kujitolea bure mpaka wachoke. Hili halitakuwa jipya machoni pa watu wetu: miaka ya 2010 walikuwapo wahudumu walioitwa WAJA, waliochaguliwa na vijiji vyao Kilombero na Ulanga. Na Januari 2024 serikali imezindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kufikia wahudumu 137,294 nchi nzima. Kamati yetu iende kwa Halmashauri ya Mlimba na kwa wenyeviti wa vitongoji na ombi moja: vijana wanapochaguliwa, lugha wanazozijua zihesabiwe kuwa sifa. Tusijenge mfumo kando ya serikali. Tuutie nguvu uliopo.

Pili, kijitabu cha maneno na picha. Wazee, wakunga wa jadi na wauguzi wakae pamoja siku chache, waandike maneno ya mwili, ya maumivu na ya uzazi, kwa Kiswahili na kwa lugha zetu, wakubaliane neno la heshima ni lipi. Bahasha za dawa ziwe na picha: jua linachomoza, jua la utosi, jua linazama. Kijitabu hicho kifike mpaka bugani, maana ninyi nyote mnajua msimu wa mpunga familia huhamia mashambani miezi kadhaa, zinalala kwenye madungu, na zahanati inabaki nyuma.

Tatu, mtu wetu Ifakara mjini. Mgonjwa akipewa rufaa, ndugu zake hufika mji wasioujua. Wanalala barazani, wanapanga chumba Lipangalala au Viwanja Sitini kwa bei ya mgeni, hawajui dirisha la kulipia liko wapi, hawajui waende ustawi wa jamii kuomba msamaha wa gharama au waende dawati la jinsia polisi kama jeraha limetokana na kipigo. Tunao wana-Mofu wanaoishi pale mjini. Tumlipe mmoja wao, mwenye simu inayopatikana saa zote, awapokee, awatafsirie, awaonyeshe njia, na tukodi chumba kimoja cha dharura. Watoto wetu wanaosoma sekondari mjini nao watakuwa na mtu mzima wa kumkimbilia. Familia ikishikwa mkono siku ya taabu, haisahau kwao.

Fedha hizi zitolewe hesabu kila robo mwaka, isomwe hapa na ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, ili aliyetoa elfu tano aione sawasawa na aliyetoa laki tano. Baada ya mwaka mmoja, kama daftari halikuonyesha tofauti, mkutano huu uwe na uwezo wa kusimamisha. Sitaki mnipe imani, nataka mnipe mwaka mmoja.

Kwa vijana wetu wa hapa mjini nina neno la mwisho. Baadhi yenu mnaona haya kusema Kindamba au Kipogoro mbele ya wenzenu, na wazazi wenu hawakuwafundisha wakidhani wanawafungulia dunia. Kati yenu wako wanaosomea uuguzi, udaktari, ustawi wa jamii. Nendeni likizo, kaeni na bibi, ulizeni majina ya viungo vya mwili na majina ya maumivu. Siku moja utapangiwa kazi katika bonde lile, utasimama mbele ya mzee anayekutazama kwa hofu, na utamsalimu kwa lugha yake. Hapo utakuwa umeanza kumtibu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimemaliza. Wahasibu wetu wako pale mezani, na bahasha zimo mikononi mwenu. Bahasha hizi zimeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa hiyo hakuna atakayesema hakuelewa.

 Mungu aibariki Mofu, na alibariki bonde letu.